Kengele Hulia, Waya Hupinda

Chumvi huyeyuka katika maji, hayo mwayajua. Lakini maji yana kiasi chake: chumvi ikizidi, hubaki chini ya chombo. Je, mwajua ya kwamba metali nazo, ingawa ni ngumu, hupokea metali nyingine vivyo hivyo, tena kwa kiasi?

Tutazame shaba nyekundu, ambayo wahenga wa Katanga waliiyeyusha na kuifanya misalaba iliyotumika kama fedha. Ndani yake atomu zimepangwa safu kwa safu, kama matofali ukutani. Walakini mpango huo una kasoro: hapa atomu imekosekana, pale safu nzima imekatika katikati. Upindapo waya, mikatiko hiyo huteleza hatua kwa hatua, na shaba hukubali pasipo kuvunjika. Mwaka 1934 wataalamu watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja peke yake, walilieleza jambo hili. Ukiupinda waya tena na tena, mikatiko huongezeka na kuzuiana. Waya huwa mgumu, mwisho hukatika. Ndiyo maana mfua shaba huirudisha kazi yake motoni: safu hujipanga upya, shaba hulainika.

Sasa tuongeze bati, ile metali ichimbwayo Maniema. Si mabati ya kuezekea, kwani hayo ni chuma kilichopakwa zinki. Atomu za bati ni kubwa kuliko za shaba. Zikiwa chache, hukaa katika nafasi za atomu za shaba, huzisukuma safu, na mikatiko haitelezi kwa urahisi: shaba inapata nguvu. Lakini shaba isiyoyeyuka, hata ikiwa moto, haipokei bati kupita sehemu 16 hivi katika 100. Likizidi, huzaliwa ndani yake chembe za namna nyingine, ngumu sana, zisizojua kupinda. Zinki, ambayo atomu zake zakaribia ukubwa wa zile za shaba, hupokelewa hata sehemu 35.

Basi, kengele kubwa huwa na bati sehemu 20 hivi, yaani kupita kiasi kile. Kwa hiyo sauti yake hudumu hewani. Kwa hiyo pia hupasuka ikipigwa vibaya, na iliyopasuka mara nyingi hapana budi kuyeyushwa na kusubiwa upya. Enyi vijana wapiga kengele, tumieni ulimi wake, msiipige kwa nyundo ya chuma. Waya ukikosewa hupinda tu. Kengele haina msamaha huo.