Bonasi ya Mama na Bonasi Yangu

Kila wiki napata ujumbe wa aina moja. Kijana amemaliza Form Four juzi, ametoka Keroka ama Ogembo ama Nyansiongo, ananiuliza: "Bro, hii maneno ya kusafiri bure na bonasi za kujiandikisha, hapa kwetu inawezekana?"

Jibu fupi: inawezekana. Nimefanya. Nilifika Mombasa, nikakaa Mama Ngina jioni nikila viazi karai na kuangalia meli zikiingia. Picha mliziona, wengine wenu mlilike.

Jibu refu ndilo hili. Nimelikwepa karibu miaka miwili kwa sababu linanichoma mimi mwenyewe.

Wacha tuanze na wenye mchezo. Marekani benki inakupa kadi ya mkopo na ofa juu yake: tumia tuseme dola 4,000 ndani ya miezi 3 ya kwanza, tukupe pointi 60,000. Pointi zinageuka tiketi za ndege. Mjanja anachukua kadi, anatimiza kiasi, anavuna pointi, anafunga, anaenda benki nyingine. Mwaka 2016 benki ya Chase ilitoa kadi yake ya Sapphire Reserve na bonasi ya pointi 100,000, watu wakaikimbilia kama mbolea ya ruzuku. Wajanja walizidi mpaka benki hiyo ikajulikana kwa masharti yake: ukiwa umefungua kadi 5 au zaidi ndani ya miezi 24, usijisumbue kuomba nyingine.

Sasa jiulize hizo ndege zinalipwa na nani. Benki haina shamba la pointi. Kila kadi ikitumika dukani, mwenye duka anakatwa asilimia 2 hivi, wakati mwingine zaidi, na yeye anaiweka kwa bei ya bidhaa. Anayelipa kwa pesa taslimu anachangia bila kujua. Halafu kuna wale wanaoshindwa kulipa deni lote mwisho wa mwezi, wanalipa riba ya zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Mjanja anaruka kwenda Tokyo, na msee mwingine kwa foleni hiyo hiyo ya supermarket ndiye amelipa sehemu ya nauli yake. Ni mchezo wa watu wenye mshahara, na unalipwa na wale ambao mshahara haujawatosha.

Lete hiyo kitu Kisii. Kadi ya mkopo hapa benki inataka hati ya mshahara. Mimi niliacha chuo 2022 nikiwa mwaka wa pili, karo ikiwa imekuwa mlima. Hati ya mshahara ningetoa wapi? Lakini nilikuwa nimeshaziona hizo video, na nilikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba bonasi za kukaribishwa ziko hata kwetu. Hazikai tu kwa benki. Ziko kwa teksi za simu, kwa kampuni za kubeti, na kwa programu za mikopo.

Nikaanza na teksi. Nilikuwa Nairobi wakati huo. Namba mpya ya simu, safari ya kwanza kwa bei ya chini au bure kabisa. Nikanunua laini nne. Kwa wiki kadhaa niliishi kama mheshimiwa, nashushwa mlangoni. Kwa kubeti sikukaa, kwa sababu ukisoma masharti unakuta ile bonasi huwezi kuitoa mpaka uizungushe mara kadhaa, na ukiizungusha inaisha. Angalau hapo akili ilinisaidia.

Ndipo nikapata programu moja ya mikopo. Siitaji jina, na kwa kweli shida haikuwa yao, ilikuwa yangu. Ofa ilikuwa hivi: mlete mtu mpya, akikopa mara ya kwanza, wewe unapata 300. Nikafanya hesabu. Watu sita, 1,800. Nauli ya SGR ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka huo wa 2023 ilikuwa 1,000. Kwenda na kurudi 2,000. Yaani bahari ilikuwa imebaki 200 tu.

Shida ilikuwa watu sita. Nilitumia kitambulisho cha binamu yangu, cha rafiki wawili wa ploti, cha shangazi, cha jirani. Na cha mama.

Kwetu Wagusii mama tunamuita baba, na baba tunamuita tata, kwa hivyo ukinisikia nyumbani nikiita "baba!" usishangae akitokea mama na kikapu cha majani chai mgongoni. Nilisafiri nyumbani Nyamira, nikamwambia nahitaji laini moja kwa jina lake, ni ya kazi. Hakuuliza kazi gani. Alivaa nguo yake ya kanisa, tukapanda boda hadi Keroka kwa wakala. Programu ilitaka picha ya uso, nikamwambia, "Baba, angalia hapa, usicheke." Alisimama wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Nafikiri hata alifurahi kidogo.

Nilikopa 2,000 kwa kila jina, zile tano nikarudisha kwa wakati. Ya mama nilienda nayo Mombasa. Mpango ulikuwa niilipe nikirudi. Nilirudi, nikapata pesa kidogo ya tangazo, nikanunua taa ya kurekodi. Nikapata tena, nikanunua viatu. Ile laini ilikuwa kwa simu ya zamani ambayo iliisha betri na ikabaki kwa droo. Ujumbe wa kudai ulikuwa unaingia mahali ambapo hakuna mtu anasoma. Naandika hivi ili usije ukafikiri nilikosa. Niliweza kulipa mara mbili na sikulipa.

Januari 2024 mdogo wangu aliitwa Form One. Mama alienda kwa sacco yake, mahali ambapo amekuwa akiweka akiba kabla mimi sijaanza nursery, akaomba mkopo wa karo. Wakaangalia mtambo wakamwambia jina lake liko CRB. Mama hakujua CRB ni nini. Alinipigia simu akaniuliza, "Omwana one, kwani mimi nilikopa lini?"

Nilinyamaza. Nikasema nitaangalia.

Deni lilikuwa limefika 3,460. Hati ya kuonyesha umesafishwa ilikuwa 2,200. Jumla 5,660. Ukitoa ile 2,000 niliyokula mwenyewe, zinabaki 3,660, zaidi ya mara mbili ya bonasi zote sita nilizovuna. Hiyo ndiyo safari yangu ya bure. Na kusafishwa hakufanyiki kwa siku moja, shule nazo hazingoji. Mama aliuza ndama. Ndama alikuwa wa kuwa ng'ombe wa maziwa.

Sasa nirudi kwa lile neno, kwa sababu nimelifikiria sana. Nyamira na Kisii ukisema bonasi kwa mzee yeyote, hafikirii simu. Anafikiria Oktoba. Anafikiria Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Nyamache, Kiamokama. Mkulima anachuma mwaka mzima, kiwanda kinamlipa kiasi fulani kwa kilo kila mwezi, halafu hesabu za mwaka zikifungwa salio la mauzo linagawanywa. Hiyo ndiyo bonasi. Ni pesa yake iliyokuwa imebaki. Hakuna mtu anampa zawadi. Ndiyo maana kila mwaka watu wetu wanakasirika wakisikia wakulima wa Kirinyaga na Murang'a wamelipwa zaidi kwa kilo. Wanakasirika kwa haki, kwa sababu jasho lilishatoka.

Bonasi ya kujiandikisha imebeba jina hilo hilo lakini imegeuzwa kichwa chini. Unapewa kabla hujafanya chochote. Na mtu akikulipa kabla hujafanya kazi, maana yake kazi iko mbele, na ni yeye anajua ni kazi gani. Anakununua uwe mteja, uwe mdaiwa, uwe data.

Mnakumbuka Worldcoin? Katikati ya 2023 watu walipanga foleni hadi KICC kupigwa picha ya mboni ya jicho wapate sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Mwanzoni mwa Agosti serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru zile data zifutwe. Siwacheki waliopanga foleni, 7,000 ni pesa, na mimi niliuza uso wa mama yangu kwa 300. Nasema tu kwamba ilichukua karibu miaka miwili na kesi mahakamani ili mtu aambiwe jicho lake lirudi kuwa lake.

Najua kuna mtu atasema mimi ni mzembe tu, kwamba yeye anavuna ofa na hajawahi kuchelewa. Inawezekana, na sikukatazi. Mtu mwenye nidhamu anaweza kula ofa akatoka salama, hata kule Marekani wako. Ila kabla hujagusa, jiulize vitu vitatu. Jina ni la nani? Nikiambiwa nilipe kesho asubuhi, ninazo? Na kama bonasi ingekuwa sufuri, bado ningechukua hii kitu? Jibu moja likikwama, wacha. Na swali la kwanza likikwama, usiendelee hata na mengine. Kitambulisho cha mama si mtaji wako. Yeye anakupa kwa sababu anakuamini, na hiyo imani haina mahali pa kusafishwa kwa 2,200.

Lakini wenye nataka kuongea nao zaidi ni sisi watengeneza kontenti. Tuache kujifanya. Tunapoweka video ya "nimesafiri bure, linki iko chini", tunajua vizuri kwamba safari yetu inalipwa na watakaobonyeza hiyo linki. Mimi nilifanya video nne za hivyo. Moja ilifanya vizuri kuliko chochote nimewahi kutengeneza, na ilinilipia kodi ya nyumba miezi miwili. Nimezifuta zote wiki jana. Niliogopa kuzifuta, sitadanganya, kwa sababu sina digrii na sina shamba, nina hii akaunti tu. Lakini sijui ni vijana wangapi waliingia kwa ile linki, na wangapi kati yao walitumia kitambulisho cha mtu aliyekuwa anachuma chai wakati huo. Hiyo ndiyo sehemu siwezi kulipia, kwa sababu hata sijui nimlipe nani.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Leo jioni ukifika nyumbani, chukua simu ya mama ama ya nyanya kama ana Safaricom, mkae naye, mpige *106#. Itawaonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mkiona namba hamuijui, ifuatilieni kabla Januari haijafika. Na kama unaijua, kama ni wewe, mwambie. Mimi nilimwambia mama Aprili ile, tukiwa kwa majani chai, kwa sababu kule angalau mikono inakuwa na kazi. Hakunikemea. Alichuma mstari mzima kabla ya kuongea, halafu akaniuliza kama zile tano zingine nilishalipa.

Mama bado hajaona bahari. Nimemwambia safari yake nitamlipia nauli kamili, kwenda na kurudi. Akaniuliza, "Si ya kukopa?"