Simu Moja Isibebe Safari ya Watu Kumi na Wanne

Disemba iliyopita tulitoka Tongaren saa kumi alfajiri, watu kumi na wanne kwenye matatu ya kukodi, tukienda Kigali kwa harusi ya binti yetu. Mchango wote wa mafuta, chakula na pesa ya kulala Mbarara ulikuwa kwenye simu ya shemeji yangu, mweka hazina wetu. Webuye na Bungoma tulizipita tukiimba. Malaba tukavuka bila shida.

Tulipofika Tororo kuweka mafuta, shemeji akatoa simu, akaitazama, akanyamaza. Laini haikuwa na mtandao. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kama inaweza kutumika nje ya nchi. "Kwa hivyo tuna pesa na hatuna pesa," dereva akasema.

Ikabidi shemeji arudi Malaba kwa bodaboda, avuke tena upande wa Kenya. Wakala wa kwanza hakuwa na floti ya kutosha, akatafuta wa pili. Saa tatu zikaenda hivyo, sisi tukikaa juani na watoto na mama mkongwe.

Wengi walimlaumu shemeji. Mimi nasema kosa lilikuwa letu sote, kwa sababu tulimtwika mtu mmoja na laini moja safari ya nchi tatu. Wengine wakasema dawa ni kubeba noti zote. Hapo pia sikubali. Begi likiibiwa usiku, pesa imeenda. Simu ikiibiwa na namba ya siri unaijua wewe peke yako, unafunga laini na salio linabaki.

Dawa ni kugawa pesa kabla ya kuondoka nyumbani. Weka kwenye simu tatu za watu mnaoaminiana, na noti za kutosha siku ya kwanza tu. Halafu piga simu kwa huduma kwa wateja, uulize mambo matatu: laini yangu itafanya kazi Uganda na Rwanda? Naweza kutuma pesa kwa laini za huko? Kiwango cha juu kwa siku ni ngapi, na ada yake?

Maswali hayo yana maana, kwa sababu wakala wa Tororo hawezi kukutolea salio la Kenya kama wakala wa Kitale. Kawaida pesa inatumwa kwanza kwenye laini iliyosajiliwa kule. Kama una jamaa unayemwamini, mtumie kiasi kidogo ukiwa bado nyumbani, aseme imefika. Na ujue kwamba tangu 2018 Uganda inatoza kodi kwenye pesa za simu. Ilianza na asilimia 1, ikashushwa hadi asilimia 0.5 wakati wa kutoa, na hiyo ni juu ya ada ya kawaida. Ukituma kamili bila kuongeza ya kutolea, utapungukiwa.

Usinunue laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata ikiwa bei rahisi. Pesa ikiingia humo, kisheria si yako.

Kwa wabadilishaji wa mpakani, kuwa makini na sufuri. Shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya ishirini za Uganda, na bunda nene linachanganya macho. Hesabu mwenyewe, polepole, kabla ya kuachilia zako.

Kitambulisho nacho ni sehemu ya pesa yako. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, na hichohicho ndicho wakala anachokuuliza ukitoa pesa. Kikipotea, umefungiwa milango miwili. Usikiweke pamoja na simu.

Mwisho, acha akiba. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa tena hadi mwisho wa Januari 2022. Njia ikibadilika ghafla, mafuta yanaongezeka na usiku mmoja wa kulala unaongezeka.

Tuliporudi, pesa zilikuwa kwenye simu tatu, na noti kidogo alishika shangazi. Pale Tororo dereva alijaza tanki, shangazi akalipa, tukaondoka.