Kocha, Mchezaji na Busu Linalochelewa

Mpaka mwezi uliopita jina la Mariana Zapata lilikuwa halijawahi kupita machoni pangu. Ni Mmarekani anayeandika riwaya za mapenzi, na wapenzi wa aina hiyo wanamjua kwa jambo moja: wahusika wake hawana haraka hata kidogo. Nimeanza na Kulti, riwaya yake ya mwaka 2015 yenye kurasa zaidi ya 500. Ule mwendo wa kobe unaolalamikiwa na wengi ndio, kwa maoni yangu, unaoifanya ifae kusomwa na sisi wanachuo.

Msimulizi ni Sal Casillas, mshambuliaji wa timu ya wanawake mjini Houston. Klabu inamleta kocha msaidizi mpya, Reiner Kulti, nyota mstaafu kutoka Ujerumani. Sal alipokuwa mtoto alimhusudu mpaka akabandika picha zake ukutani, halafu akamchukia alipomvunja kaka yake mguu uwanjani. Hapo unajiambia, haya, mambo yameiva. Thubutu! Kulti anakuja mazoezini, anasimama pembeni kama nguzo ya umeme, hasemi na mtu. Sura zinapita, bado kasimama tu. Kwa aliyezoea simulizi za WhatsApp, zile ambazo sehemu ya pili tu watu wameshafumaniana, hiki kitabu kitamshinda mapema.

Sasa kurasa zote hizo zimejaa nini? Kazi. Sal anatengeneza bustani za watu, anakata nyasi juani, kisha anakwenda mazoezini, kwa sababu soka peke yake halimweki mjini. Timu yake ni ya kubuni ila umaskini huo si wa kubuni. Ligi ya wanawake ya Marekani, NWSL, ilipoanza mwaka 2013, kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 6,000 kwa msimu mzima. Mwaka huohuo kilipotoka kitabu, wanawake wa Marekani waliichapa Japani 5-2 kwenye fainali ya Kombe la Dunia, na zawadi ya bingwa ilikuwa dola milioni 2. Mwaka mmoja nyuma yake, wanaume wa Ujerumani walikuwa wamechukua milioni 35 kwa kombe la aina hiyohiyo. Kwa hiyo mstaafu tajiri na binti mkata nyasi wakisimama kwenye uwanja mmoja, pengo kati yao si la umri na umaarufu tu. Mapenzi ya fasta yangeliruka hilo pengo. Zapata anatulazimisha tulikanyage, siku baada ya siku.

Kuna la pili, na hili ndilo lililonikalisha wima kitandani. Kocha ana mamlaka juu ya mchezaji. Neno lake linaweza kumweka mtu benchi. Aisee, nani hapa hajui habari za mtu mwenye kalamu nyekundu anayekuita ofisini jioni, wenzako wakiwa wameshaondoka, eti mzungumzie alama zako? Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalo hilo kwenye kifungu cha 25, rushwa ya ngono ni kosa la jinai, lakini kwenye korido zetu bado linasimuliwa kwa kucheka. Riwaya nyingi za bosi na mfanyakazi hukigeuza cheo kuwa kiungo cha kunogesha mchuzi. Kwenye Kulti, uvumi ukianza, anayewekwa kitimoto na viongozi wa klabu ni Sal. Wanaanza kama marafiki, wanachezacheza mpira wao, na mapenzi yenyewe yanangoja mpaka mwishoni kabisa. Subira hiyo si mbinu ya kuuza kitabu tu. Mwenye madaraka juu yako akikutaka kwa dhati, ana uwezo wa kusubiri, na asiyeweza amekueleza alivyo.

Sijaridhika na kila kitu. Kulti ana ujeuri ambao mwandishi anautetea mno. Kununa kwake kunahesabiwa uanaume, na kama asingekuwa na sura nzuri na pesa, tungemwita mtu asiye na adabu, basi. Tena Zapata hujirudia: wazo ambalo Sal ameshaliwaza leo, kesho analiwaza tena kwa maneno yaleyale. Kurasa 80 zingepunguzwa na hakuna ambaye angezitafuta.

Mwenzangu wa chumba yuko katikati ya kitabu sasa hivi. Analalamika kila usiku kwamba hakuna kinachotokea. Jana nikamuuliza Sal anaishije mjini, kwa nini hataki kuonekana na kocha nje ya uwanja, na kaka yake ana kinyongo gani. Akanijibu yote matatu bila kukifungua, halafu akaniambia nizime taa ya juu, yeye anaendelea kwa taa ya simu.