Huo Si Mjadala, Ni Msako

"Tunajadiliana tu." Ndilo jibu ninalopewa kila ninapowauliza wenzangu kwa nini wanamwandama mtu kwenye simu yake kwa sababu ya dhehebu lake. Nalikataa jibu hilo. Mjadala una hoja, na hoja hujibiwa. Mtu anayetumiwa picha za nguo za ndani usiku wa manane na kuulizwa kama ndizo anazovaa kanisani hajaletewa hoja yoyote.

Nachukua mfano wa Wamormoni kwa kuwa kwetu ni wachache, na wachache ni rahisi kuwacheka. (Tangu 2018 viongozi wao wanasisitiza waitwe kwa jina kamili la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Natumia jina fupi kwa sababu ndilo wengi wetu tunalolijua.) Mwenzetu mmoja hapa Giheke aliulizwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa Jumapili alikuwa wapi. Akajibu kwamba alikuwa Kigali, akasali na Wamormoni. Hakuhubiri, hakumwalika mtu. Kufikia jioni alikuwa ameshabatizwa jina la "Wake Saba". Picha yake ilibandikwa juu ya mwili wa mtu mwingine, na wawili wakamfuata pembeni, nje ya kundi, kumwambia kwamba mama yake ataambiwa. Siku ya tatu alijitoa. Kwa kuwa matangazo yote ya darasa yalikuwa yanapitia humo humo, akakosa jaribio.

Hata huo utani wa wake wengi ni wa mtu asiyesoma. Rais wa kanisa hilo, Wilford Woodruff, alitangaza mwaka 1890 kwamba ndoa za namna hiyo zikome, na leo Mmormoni anayeoa mke wa pili hufukuzwa kanisani. Anayetaka kuwabana Wamormoni kwa haki ana maswali mazito kuliko hayo. Hadi 1978 kanisa lao halikumpa ukuhani mwanamume mweusi mwenye asili ya Afrika. Swali hilo sisi tuna haki ya kuliuliza hadharani, tena bila kupunguza sauti. Kuna na Kitabu cha Ibrahimu, ambacho Joseph Smith alisema amekitafsiri kutoka katika mafunjo ya Misri. Vipande vya mafunjo hayo vilikabidhiwa kanisa mwaka 1967, na wataalamu wa Misri ya kale wanasema ni maandishi ya mazishi, hayamtaji Ibrahimu. Sasa, katika wote waliomcheka mwenzetu, nani aliuliza la 1978? Nani aliuliza la mafunjo? Nimeyasoma mazungumzo yale mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata mmoja.

Lakini nisiwaachie Wamormoni nao wapite hivi hivi. Miongoni mwao wapo wanaoita kila swali mateso, na kila aliyetoka kanisani wakamwita mwasi aliyetumwa na Shetani. Huyo naye huandamwa, tena mara nyingi na watu aliokuwa akisali nao. Historia yao ina kurasa mbili, nao hupenda kusoma mmoja. Wa kwanza ni wa kweli na unauma: Oktoba 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe katika jimbo, na siku tatu baadaye watu 17 waliuawa mahali paitwapo Haun's Mill. Ukurasa wa pili ni wa Juni 1844, mjini Nauvoo. Watu waliotoka kanisani walichapa gazeti wakimshutumu Smith kwa wake wengi na kwa kujilimbikizia madaraka. Lilitoka toleo moja tu. Baraza la mji, Smith mwenyewe akiwa meya, liliamuru mtambo wa uchapaji uvunjwe, nao ukavunjwa. Siku 17 baadaye kundi la watu wenye bunduki lilivamia gereza la Carthage na kumuua Smith pamoja na ndugu yake Hyrum. Katika mwezi huo mmoja pande zote mbili ziliacha kujibu maneno, zikamwendea aliyeyasema.

Sitaileta RTLM hapa. Najua wengine walitarajia niilete, lakini tukifananisha kila ugomvi na 1994, tunaipunguza 1994.

Tuangalie nyumbani. Katika wilaya hii ya Rusizi, ni dini ya nani ambayo haikuwahi kuwa ngeni? Wamisionari Wakatoliki walifika Mibirizi mwaka 1903. Wapentekoste walianzia Gihundwe mwaka 1940, wakiletwa na Waswidi. Mashahidi wa Yehova walifungwa na serikali ya Habyarimana mwaka 1986. Na Waislamu wa Kamembe je? Wao ndio waliozungumza Kiswahili hapa wakati lugha hii ilipodharauliwa na kuitwa lugha ya mitaa yao. Leo ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, nasi tunaisomea. Mwanafunzi wa Kiswahili anayemwambia mwenzake "dini yako ni ya ajabu" anakata tawi alilokalia.

Wapo wanaosema serikali ndiyo imalize jambo hili. Mwaka 2018, makanisa zaidi ya 700 yalipofungwa Kigali, wengine walishangilia kana kwamba imani fulani zimehukumiwa, ilhali sababu zilizotolewa zilikuwa majengo yasiyo salama, uchafu na kelele. Mwaka huo huo ilitoka sheria ya makosa ya mtandaoni, nayo inaadhibu kumsumbua mtu kwa makusudi. Itumike panapostahili. Ila wanaodhani polisi wanaweza kutuliza ugomvi wa dini waisome Dar es Salaam: mihadhara ya kulinganisha Biblia na Kurani, lawama za kukashifiana, kisha Mwembechai mwaka 1998, ambako watu walipoteza maisha.

Mimi nawalaumu walio karibu zaidi. Walimu wetu wapendwa, mmo katika makundi hayo. Alama mbili za buluu zinaonyesha kwamba mmesoma. Mwanafunzi akikosea upatanisho wa kisarufi mnamsahihisha saa hiyo hiyo; akimtishia mwenzake kwa sababu ya kanisa lake mnanyamaza, labda kwa kuogopa kuonekana mnaipendelea dini fulani. Kunyamaza kwenu kumeshapendelea upande mmoja. Matangazo ya darasa yawe na kundi lake, ambamo kiongozi wa darasa na mwalimu peke yao wanaandika, ili asiwepo wa kuchagua kati ya heshima yake na jaribio lake. Na anayemfuata mtu pembeni kumtishia aitwe ofisini, awe anasali wapi.

Kisha tujadiliane kweli. Napendekeza mada kwa mjadala wetu ujao wa Kiswahili: ukuhani na mtu mweusi katika Kanisa la Mormoni, kabla na baada ya 1978. Aje anayelitetea kanisa hilo, aje anayelipinga, kila mmoja dakika kumi, akisimama mbele yetu kwa jina lake halisi na kitabu mkononi. Wale wa "tunajadiliana tu" nitawawekea viti vya mbele.