Kurudi darasani na miaka 45 kusomea kamera: inalipa?

Siku ya kwanza nilipoingia darasani, kijana mmoja alisimama haraka akanipisha, akasema, “Shikamoo mwalimu.” Nikamjibu marahaba, lakini mimi si mwalimu, ni mwanafunzi mwenzako. Darasa zima likacheka, nami nikacheka, ila moyoni nilitamani kugeuza nirudi nyumbani. Nilikuwa na miaka 45. Wengi wao walikuwa rika la mwanangu wa kwanza.

Tangu nilipogusia habari hii, kina mama kadhaa wameniuliza swali lile lile aliloniuliza baba watoto usiku nilipomweleza nia yangu. Alikaa kimya, kisha akasema, “Mama watoto, hii ni ada ya watoto au ya mama yao? Na je, inalipa?”

Leo nawajibu kwa hesabu, maana maneno matamu hayanunui unga.

Kozi ya jioni ya miezi sita ilikuwa Sh900,000. Kamera iliyokwisha kutumika pamoja na lenzi yake moja, Sh1,600,000. Flashi, betri ya akiba na memori kadi mbili, Sh300,000. Jumla Sh2,800,000. Fedha hizo zilikuwa zamu yangu ya mchezo wa kina mama pamoja na akiba ya miaka miwili, na tulikuwa tumezipangia kumalizia choo cha ndani. Choo hicho mpaka leo hakijaisha, na baba watoto hunikumbusha kila mvua ikinyesha.

Mwaka wa kwanza nilipata kazi 15 za malipo. Ndogo zilikuwa sherehe za kuzaliwa za Sh80,000, kubwa zilikuwa send-off za Sh350,000. Zote pamoja zilinipa Sh2,950,000. Nilipotoa nauli, kuchapisha albamu na posho ya kijana wa kunishikia taa, Sh1,050,000, nikabaki na Sh1,900,000. Yaani kamera na vifaa vyake vimejilipa, lakini ada bado inanidai.

Wala fedha hizo haziji kila mwezi. Wakati wa Kwaresima na Ramadhani harusi hupungua sana, na Ramadhani huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo huwezi kusema mwezi fulani ndio wa njaa siku zote. Miezi ya mahafali ndiyo hufidia. Zamani mwenye studio mtaani aliponea picha ndogo za vitambulisho. Siku hizi kitambulisho cha taifa unapigwa picha papo hapo ofisini, na kila mtu ana kamera mfukoni.

Sasa kwa nini usome, kama kila mtu ana simu? Nilijiuliza hivyo hivyo. Kabla ya kozi niliwahi kuazima kamera nikapiga harusi ya binamu yangu. Bibi harusi alitoka shela tupu, uso mweusi kama kivuli. Nikailaumu kamera. Darasani nikaelezwa kwamba kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wetu wa kahawia ndio unaoumia. Dawa yake ni kupima mwanga usoni, siyo kwenye shela, au kuelekeza flashi kwenye dari jeupe ili mwanga urudi taratibu. Nikajifunza pia kutompanga mtu juani saa sita mchana, maana macho yanageuka mashimo. Mpeleke chini ya mwembe.

Mambo hayo ndiyo mteja anayoyalipia hata kama hajui majina yake. Kijana wa miaka 20 anaweza kuyajua kuliko mimi. Mimi nilichomzidi ni kwamba najua nani asikosekane kwenye picha. Namjua shangazi ambaye asipopigwa picha na bibi harusi patakuwa na kesi, na najua kumtuliza mtoto wa maua anayelia. Kazi tisa kati ya zile 15 zilitoka kwa watu walioniona kwenye sherehe ya mwingine.

Watu hupenda kututia moyo kwa mifano mikubwa. Mwalimu wetu alitusimulia habari za Mwingereza Julia Margaret Cameron, aliyepewa kamera na binti yake na mkwewe mwaka 1863, akiwa na miaka 48. Leo picha zake zimehifadhiwa katika makumbusho makubwa ya London. Ni kweli, na nilifurahi kuusikia umri wake. Lakini kamera ile haikuyamaliza matatizo ya fedha ya familia yake. Kutambulika na kutajirika ni safari mbili tofauti.

Kuna gharama moja sikuiandika pale juu. Mahafali ya darasa la saba ya kitindamimba wangu yalipangwa Ijumaa, yakahamishiwa Jumamosi. Jumamosi hiyo nilikuwa nimeshapokea advansi ya send-off, na nusu yake nilishailipia albamu. Nikaenda kazini. Nilirudi saa sita usiku nikamkuta amelala na shada lake shingoni. Ana picha nne tu za siku ile, zote za simu ya jirani, na mbili zimemkata kichwa.

Tangu hapo kwenye daftari langu, pembeni ya mapato na matumizi, naandika pia Jumamosi. Kila mwezi mbili ni za nyumbani, haziuzwi kwa bei yoyote.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu unayefikiria, jibu langu ni hili. Kama unategemea kamera ilishe nyumba peke yake kuanzia mwaka wa kwanza, hailipi. Kama una shughuli nyingine, hii ya pili inaweza kusimama. Usiguse ada ya mtoto. Azima au kodi kamera upige sherehe tatu za ndugu bure kabla ya kulipia kozi, uone kama mgongo na macho yatastahimili saa nane za kusimama. Andikianeni na mteja, hata kwa ujumbe wa simu, ni picha ngapi na lini atazipata. Halafu kaa na mwenzako mkubaliane hasara mnayoweza kuibeba, kabla, siyo baada.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mwanangu avae tena sare na shada lake. Nikamsimamisha karibu na dirisha la sebuleni, pazia limefunguliwa nusu. Alinuna kidogo, kisha akaniuliza, “Mama, na mimi nitalipa?”

Nikamwambia ameshalipa. Picha ile ipo ukutani, karibu na mlango wa choo ambacho hakijaisha. Baba yake ndiye aliyechagua mahali pa kuitundika.