Staringi wa Kitamil hahitaji ushahidi

Filamu ya kisasi ya Kitamil kutoka Chennai ina hila moja ambayo mtazamaji huimeza bila kuitafuna. Kabla staringi hajakunja mikono ya shati, kamera imeshatuingiza kwenye chumba ambamo uovu ulitendeka. Tumemwona mwovu, tumesikia alichosema, tunajua hata nani alimlipa. Katika Indian ya mwaka 1996, Kamal Haasan ni mzee aliyepigania uhuru ambaye sasa anawaua maofisa wala rushwa. Katika Anniyan ya 2005, ya mwelekezi yuleyule, Shankar, Vikram ni wakili mpole ambaye nafsi yake ya pili huwaadhibu wazembe na walaghai. Hakuna anayeuawa pale huku sisi tukiwa na shaka naye. Na filamu za mapigano za Kihindi zinapotufikia zikiwa na sauti ya msimulizi DJ Afro, hata ile shaka kidogo ambayo lugha ngeni ingetuachia huyeyuka, kwa sababu anatueleza mpaka anachowaza adui. Ngumi ya kwanza inapotua, tumeshatoa ushahidi na kukata hukumu palepale kwenye benchi la kibanda cha video.

Wanaozilaumu filamu hizi kwa kawaida hulalamikia damu. Damu hainisumbui sana, maana hadithi zetu wenyewe za kale hazikuogopa damu. Kinachonisumbua ni uhakika. Mtu anayetoka kibandani katika mtaa wa Kaptembwo au Rhonda, Nakuru, dakika kumi baadaye akasikia ukemi wa "mwizi!" barabarani, hana kamera iliyomtangulia. Ana sauti ya mtu asiyemjua ikimshtaki mtu mwingine asiyemjua. Hata hivyo jiwe linaokotwa kwa uhakika uleule wa kwenye filamu, na tairi na petroli huwa haviko mbali.

Bonde la Ufa la kati lina kumbukumbu chungu za uhakika wa namna hiyo. Mnamo Aprili 2005, katika shamba la Soysambu karibu na Ziwa Elmenteita, Tom Cholmondeley wa ukoo wa Delamere alimpiga risasi na kumuua mtu ambaye yeye Cholmondeley alisema alimdhania kuwa jambazi. Marehemu alikuwa askari wa Shirika la Wanyamapori, KWS, aliyekuwa kazini bila sare akichunguza biashara haramu ya nyama ya pori. Aliyedhaniwa jambazi alikuwa ndiye mkono wa sheria. Mwanasheria Mkuu Amos Wako aliiondoa kesi hiyo mahakamani kabla haijasikilizwa. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2006, bunduki ikalia tena katika shamba lilelile, na safari hii akafa mchonga mawe aliyeshukiwa kuwinda bila kibali. Cholmondeley alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2009 na akafungwa miezi minane. Wengi huikumbuka kesi hii kama habari ya ardhi na rangi ya ngozi, nayo ni hayo kweli. Lakini ni habari pia ya mtu mwenye bunduki aliyeamini kwamba anachokidhania ndicho anachokijua.

Ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, zilitufundisha jambo hilo kwa gharama kubwa zaidi. Waliofurushwa kaskazini mwa Bonde la Ufa walikuwa wamefika Nakuru na majeraha yao na masimulizi ya kweli kabisa. Hasira iliyowaka kati ya tarehe 24 na 28 mwezi huo, Nakuru na kisha Naivasha, ilijiita malipo ya haki. Katika mtaa wa Kabati, Naivasha, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Uovu uliolipiziwa ulitendeka kweli, na machozi yalikuwa ya kweli. Ila waliochomwa hawakuwa wale waliotenda. Umati ulisoma hatia kwenye kabila la mtu, na hakukuwa na yeyote wa kuuliza ushahidi uko wapi.

Nitajibiwa kwamba haya ni maneno ya mtu ambaye hajaibiwa, na jibu hilo lina uzito. Juni 2022, wanawake waliuawa mmoja baada ya mwingine katika eneo la Mawanga, na lawama ikaelekezwa kwa genge la Confirm, mpaka waziri wa usalama wa wakati huo, Fred Matiang'i, akaja Nakuru mwenyewe. Mzazi wa Mawanga aliyelala akiwa ameegemeza kabati mlangoni hahitaji mhadhara kuhusu Katiba. Anajua mshukiwa akishikwa leo ataachiliwa kwa dhamana kesho, na kwamba faili hupotea, shahidi akatishwa, kesi ikaahirishwa hadi mlalamishi aishiwe nauli. Yote ni kweli. Lakini tufuate hoja hiyo mpaka mwisho wake, yaani kwamba afadhali polisi wammalize mshukiwa papo hapo. Ikiwa polisi hawawezi kukusanya ushahidi wa kumridhisha hakimu mmoja, wamepata wapi ushahidi wa kutosha kumuua mtu? Upelelezi uleule mbovu unaoangusha kesi ndio unaoandika orodha ya watu wa kupigwa risasi. Ndiyo maana Rais William Ruto alipokivunja kikosi maalumu cha polisi, SSU, Oktoba 2022, hakikuvunjwa kwa sababu ya majambazi kiliowamaliza. Kilivunjwa baada ya Wahindi wawili na dereva wao Mkenya kutoweka Julai mwaka huo, na maofisa wa kikosi hicho wakashtakiwa. Mmoja wa Wahindi hao, na hapa hata mwandishi wa filamu angeona haya, aliwahi kuwa meneja mkubwa katika kampuni ya filamu ya Balaji kule Mumbai.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wa kisasi hawalitaji. Mzee wa Kamal Haasan anawaandama wakubwa: daktari mla rushwa, ofisa mwenye muhuri. Umati wetu haujawahi kumzingira mnyakuzi wa ardhi ya umma, wala mkandarasi aliyekula pesa za barabara ya Kuresoi ingali tope. Humshika mwizi wa kuku Njoro na mpora simu stendi ya matatu, kwa sababu hao ndio wanaoweza kufikiwa kwa miguu. Mkubwa ana geti, mlinzi na wakili.

Wengine watasema filamu ni filamu, na mtu mzima anajua tofauti. Sidai kwamba sinema huua, wala siiombi bodi ya filamu ipige marufuku chochote. Wahindi wenyewe wameshaanza kujihoji. Desemba 2019, polisi wa Hyderabad waliwaua washukiwa wanne wa ubakaji na mauaji, na watu wakawamwagia polisi hao petali za maua. Mwaka 2022 tume iliyoundwa na Mahakama ya Juu ya India ikasema risasi zilipigwa kwa nia ya kuua, na kwamba watatu kati ya wanne hao walikuwa bado watoto kisheria. Oktoba 2024 ikatoka Vettaiyan ya T. J. Gnanavel, ambamo Rajinikanth, ofisa anayesifika kwa kuua washukiwa, anagundua kwamba aliyemmaliza hakuwa na hatia. Si filamu kamili. Bado Rajinikanth anaingia kwa vishindo na muziki, na ukumbi unashangilia. Lakini kamera imethubutu kutunyima ule uhakika wetu, na ningependa vibanda vya Nakuru vionyeshe hiyo kwanza.

Huku kwetu Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya kuchunguza vifo vya ghafla na vya kutatanisha, kisha kwa miaka mingi ikabaki kwenye karatasi. Kwa hivyo maiti ya aliyechomwa hufika mochari ikiwa imeshapewa cheo cha jambazi, na mara nyingi faili huishia hapo, ingawa kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu hakimsamehe muuaji kwa sababu alikuwa na wenzake mia. Magazeti nayo, hili likiwemo, yamezoea kuandika kwamba mshukiwa "aliuawa na umati wenye hasira", kana kwamba umati ni mvua iliyonyesha ikapita. Waliorusha mawe wana majina na majirani, na aliyeleta petroli aliinunua mahali. Mwandishi anayefika pale kabla moshi haujaisha anaweza kuanza kwa kuuliza hayo, kisha aulize mtu huyo alidaiwa kuiba nini, na ni nani aliyemwona akiiba.