ARDHI YA CHUMVI NI MGONJWA, SI MAITI



Ndugu zetu wasomaji, shamba likiingia chumvi hata uso wake ukawa mweupe, wengi husema limekufa, wakaliacha na kwenda kufyeka pengine. Na ikifika siku ya kugawa mirathi, kipande hicho ndicho atupiwacho yatima, hali Qur'ani imetukataza kumbadilishia yatima kizuri chake kwa kibaya chetu. Twapenda vijana wajue ya kwamba ardhi hiyo ina dawa.

Zamani dawa yake ilikuwa migongo ya watu. Katika vinamasi vya Basra, nchi ya Iraki, watumwa walioitwa Zanji, jina ambalo Waarabu walilitumia kwa watu wa pwani hizi zetu, walikwangua gamba la chumvi na kulirundika kando, ili udongo wa chini upate kulimwa. Dhiki yao ilizaa vita vilivyoanza mwaka 869 (255 Hijriya), visiishe hata mwaka 883. Tabari ameviandika kwa urefu. Laiti mabwana wale wangalijua kuwa yako majani yafanyayo sehemu ya kazi ile pasipo kiboko!

Huko Punjab, Pakistani, wakulima wamepanda nyasi ziitwazo kallar penye ardhi ya magadi. Mizizi yake hupasua udongo ulioshikana. Pumzi ya mizizi ikichanganyika na maji huyeyusha chokaa iliyomo ardhini, chokaa ikayasukuma magadi, na maji yakayateremsha chini. Nyasi zenyewe hukatwa wakapewa ng'ombe. Hata mswaki, mti wetu wa sunna, huota penye chumvi, na Gujarat, Bara Hindi, umepandwa katika ardhi ya namna hiyo.

Sisi wa Kiberege tumejaliwa mvua nyingi za kuosha mashamba. Wenzetu wa Ndungu, Wilaya ya Same, hulima mpunga wa kumwagilia katika nchi kavu, na chumvi imewaingilia. Lakini tusilale: mfereji uletao maji bila ya njia ya kuyatoa waweza kuleta ugonjwa huo popote. Jirani zetu wa kituo cha utafiti cha Ifakara, kilichojulikana kwa jina la KATRIN na sasa ni TARI, wameshughulikia mpunga uvumiliao chumvi. Mbegu mojawapo ya namna hiyo yaitwa SATO 1. Ila mpunga huo huvumilia tu, hauiponyi ardhi.

Mwenye kutaka kuiponya, kwanza achimbe njia ya kutolea maji. Kisha majani yaliyonyonya chumvi ayakate na kuyaondoa shambani, kwani yakiozea pale chumvi hurudi pale pale. Tena asitazamie mavuno mema msimu wa kwanza. Kazi hii ni ya miaka. Na wagawao mirathi, wakikithamini kipande kile, waitie miaka hiyo katika hesabu.